Uvungu nao ni chumba: maneno kwa wanaokwenda kulala kwenye trela

(Haya niliyasema kwenye kikao cha Waswahili hapa Fargo, North Dakota, mwezi Oktoba. Nimeyaandika kwa sababu waliokuwa kazini siku ile wameniomba.)

Wazee wangu, mama zangu, kaka na dada zangu, shikamooni. Nanyi wadogo zangu mliosimama mlangoni, sogeeni ndani. Hapo mlipo ndipo upepo unapopitia, na leo nimekuja kuusema upepo.

Nimepewa dakika ishirini. Nimesikia kuna vijana humu wamenunua trela za kuvutwa na gari, na mwezi ujao wanaelekea magharibi mwa jimbo hili, Williston na Watford City, kwenye visima vya mafuta. Hongereni sana. Picha nimeziona kwenye grupu letu. Nimeona kitanda, nimeona jiko, nimeona televisheni, nimemwona na bwana mmoja amekaa kwenye kochi amekunja nne. Hakuna hata mmoja aliyeinama akatupigia picha ya uvungu.

Uvungu wa kitanda tunaujua sote. Ndimo linamokaa sanduku la mama, ndala moja isiyo na mwenzake, na paka anapotaka kuzaa. Uvungu wa trela ni ile nafasi kati ya sakafu na ardhi, futi mbili au mbili na nusu hivi. Humo mna magurudumu, ekseli na springi, lakini pia mna matangi ya maji, mabomba, nyaya na bomba la gesi. Karibu kila kitu kinachoifanya trela iitwe nyumba kinaning'inia huko chini, na huko chini ndiko kusikokuwa na ukuta.

Mliofanya mtihani wa leseni hapa mnakikumbuka kile kibao cha njano: daraja huganda kabla ya barabara. Barabara imelalia ardhi, na ardhi ina joto lake iliyoliweka tangu kiangazi. Daraja linapigwa na upepo juu na chini. Sasa trela ni nini? Ni daraja lenye kitanda juu yake.

Mimi nilikwenda Williston mwaka 2013. Mji ule sensa ya 2010 iliukuta una watu 14,716, ile ya 2020 ikaukuta na zaidi ya 29,000. Nyumba hazikukimbia kwa kasi ya watu. Mwaka 2014 jimbo hili lilivuka mapipa milioni moja ya mafuta kwa siku, na mwaka huohuo magazeti yakaandika kwamba kodi ya fleti ya chumba kimoja Williston imeipita ya New York. Sisi tuliofika na begi moja na leseni ya lori tulinunua trela kuukuu, tukazipanga uwanjani kama matatu stendi.

Aliyeniuzia yangu alinihakikishia ni trela ya misimu minne. Mimi mtu wa Tanga. Nikahesabu kichwani: masika, kipupwe, vuli, kiangazi. Na kweli, kwa hiyo minne trela yangu ingefaa kabisa.

Niwaeleze huo usemi una maana gani, maana mtaukuta kwenye trela zenu. Mara nyingi una maana kwamba tumbo la trela limefunikwa kwa shiti ya plastiki nyeusi yenye mirija ndani, ileile ya mabango ya kampeni mnayoyaona yamechomekwa kwenye nyasi wakati wa uchaguzi. Juu ya shiti hiyo kuna sufu ya kioo kidogo, yaani nyuzi laini za kioo za kuzuia joto lisitoroke, na mrija mmoja wa hewa ya moto unaotoka kwenye hita ya gesi kwenda kupasha matangi. Ni kitu kizuri, sikidharau. Kwa usiku wa nyuzi 5 chini ya sifuri kinatosha. Wenzetu wa Makete na Njombe wameona sakitu ikichoma viazi mwezi wa Juni, na wa Limuru wameiona ikichoma chai, kwa hiyo watafikiri baridi wanaijua. Huku, asubuhi za nyuzi 30 chini ya sifuri zipo, na upepo wa nyika hauna mti wa kuuzuia.

Sasa nisikilizeni kosa langu, kwa sababu naona mmoja wenu ameshanunua kifaa kilekile na kukipiga picha kwa fahari.

Gesi ilikuwa inanila. Mtungi wa kilo 9 wa propeni, hita ya kawaida ya trela ikiwaka bila kupumzika, unakwisha kwa muda wa saa 14 hivi. Unatoka zamu ya usiku, unabeba mitungi, unapanga foleni, unarudi, umelala saa nne tu tayari mmoja umekwisha. Nikajiona mjanja. Umeme pale uwanjani ulikuwa ndani ya kodi, hivyo nikanunua hita ndogo ya umeme ya wati 1,500, nikaiweka katikati ya chumba, na ile ya gesi nikaishusha hadi chini kabisa. Ilikuwa wiki ya kwanza ya Januari 2014, ile wiki baridi ya ncha ya dunia ilipoteremka ikaifunika nusu ya Marekani. Mimi nimelala na fulana. Raha mustarehe. Nikawapigia simu nyumbani kabisa, nikawaambia huku baridi wanaikuza tu.

Asubuhi nikafungua bomba nijaze birika. Kimya. Hata kile kikohozi cha bomba lenye hewa hakikutoka.

Mmeona kilichotokea? Ule mrija wa kupasha tumbo unatoka kwenye hita ya gesi. Hita ya gesi isipowaka, tumbo halipati kitu. Hita ya umeme ilikuwa inanipasha mimi na kuidanganya themostati, kile kipimajoto cha ukutani kinachoiamrisha hita ya gesi, kwamba nyumba ina joto, hivyo ya gesi ikanyamaza usiku kucha. Jinsi nilivyozidi kuwa na joto juu, ndivyo mabomba yalivyozidi kufa chini yangu. Ndiyo maana yule mwenye hita mpya nitamtafuta baada ya kikao. Hita yako si mbaya, kaka, lakini isiwe peke yake. Ya gesi lazima iamke mara kwa mara.

Maji yakiganda yanatanuka kama asilimia tisa. Ile mipira ya maji, myekundu na ya buluu, ya siku hizi inavumilia, inanyooka kidogo na kurudi. Vinavyokufa ni viungio, valvu na pampu. Tena havifi kwa sauti. Vinapasuka vikiwa vimeziba kwa barafu yao wenyewe, na utajua siku joto litakaporudi, maji yatakapoanza kutembea mahali yasipopaswa. Kwangu ilichukua siku tatu. Nilikuta sufu ya kioo yote ya upande wa jikoni imelowa, shiti ya tumbo imeinama kama kiriba, na nilipoitoboa ikanimwagia usoni. Nashukuru ilikuwa upande wa jikoni na si upande wa choo.

Nyumbani tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huku ukuta hujengi. Unalala chali kwenye theluji na tochi mdomoni, unabadilisha viungio kimoja kimoja.

Jirani yangu alikuwa mzee wa Montana, fundi wa kuchomelea, mtu wa maneno machache. Alikuja akanikuta nimenunua sufu ya kioo mpya, mafurushi manne, nataka kuijaza tumboni. Akaniuliza, upepo umeshauziba? Nikamwambia hii ndiyo ya kuuziba. Akacheka, akaondoka. Alirudi na shiti ya plastiki, lakini kwanza akanipulizia hewa kupitia ile sufu mkononi mwangu. Nikaisikia pumzi yake kwenye kiganja.

Hilo ndilo nililokuja kuwaambia, wapendwa, mengine ni nyongeza. Kihami, yaani kitu cha kuzuia joto lisitoroke, kikiwa cha manyoya kinafanya kazi kwa kuituliza hewa iliyo ndani yake. Kanzu ya sufu ukiivaa kwenye pikipiki inakusaidia nini bila koti la juu? Upepo unapita tu. Mafundi wa hapa wanakipima kihami kwa namba wanayoiita R; ikiwa kubwa, joto linazuiwa zaidi. Sufu ya kioo inapata kama R-3 kwa kila inchi, povu gumu lile la waridi au la buluu linapata kama R-5. Namba hizo ni za maabara, hewa imetulia. Sufu iliyolowa au inayopigwa na upepo, namba yake ni ya kwenye mfuko tu. Na hayo makaratasi ya fedha yenye viputo mnayouziwa kwa maneno matamu, yenyewe kama yenyewe ni R-1 hivi. Yanahitaji nafasi ya hewa tulivu mbele yake ndipo yasaidie kurudisha joto. Ukiyabandika moja kwa moja kwenye chuma umepamba tu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutafuta matundu. Mimi nilitumia udi. Ndiyo, udi wa Zanzibar, mke wangu alinitumia ninukize nyumba ya ubachela. Nilifunga gesi kwenye mtungi, nikawasha kijiti kimoja ndani ya trela, nikapita taratibu chini ya sinki, nyuma ya choo, kwenye kona za makabati, siku ya upepo. Penye tundu moshi unalala ghafla. Uvunguni sikwenda na moto, wala nanyi msiende. Kuna bomba la gesi kule. Nilihesabu matundu 23. Kubwa kuliko yote lilikuwa pale bomba la choo linapotoboa sakafu: fundi wa kiwandani alikata tundu la kupita mkono kwa ajili ya bomba la inchi tatu, akaendelea na maisha yake. Madogo nilijaza povu la kopo, na yote yenye uwezekano wa panya nikatanguliza steli wulu. Povu peke yake panya analitafuna kama kashata.

Povu la kopo liwe la matundu tu. Kuna watu wanashauri kupulizia tumbo zima povu hadi lifunike mabomba na nyaya. Mimi nakataa. Siku kiungio kitakapovuja utakuwa unachimba mgodi, na povu likikaa juu ya nyaya na valvu hujui unakata nini.

Tumbo lenyewe nililifungua upande mmoja baada ya mwingine. Sufu iliyolowa nikaitupa yote; usiikaushe, usiihurumie. Nikakata shiti za povu gumu za inchi mbili, nikazipachika kati ya mihimili ya sakafu, kwenye maungio nikapitisha tepu ya alumini. Mabomba nikayaacha upande wa juu wa povu, upande wa nyumba. Hapa wengi wanakosea. Wanahami sakafu juu ya mabomba, miguu inapata joto, mabomba yanabaki nje ya blanketi. Kisha nikarudisha shiti ya plastiki kwa skrubu zenye washa pana, na nikaacha vidirisha viwili vya kufungua kwa mkono, kimoja penye valvu na kimoja penye pampu. Mahali pa chini kabisa nikatoboa tundu dogo la kutokea maji, ili likivuja tena nione mapema na nisioge.

Sasa tuje kwenye sketi, maana huku wanaiita hivyo na sisi tumeichukua hivyohivyo. Bibi yangu angeiita gagulo. Ni ukuta mfupi unaozunguka trela kutoka ubavuni hadi ardhini. Kazi yake ni moja: kulifanya lile daraja liwe nyumba iliyokaa chini. Upepo ukishazuiwa, ardhi iliyo chini ya trela haipozwi haraka, na joto linalotoroka sakafuni halichukuliwi, linakaa.

Trela yangu ni futi 30 kwa 8. Mzunguko ni futi 76. Shiti moja ya povu ni futi 4 kwa 8. Kimo changu kilikuwa inchi 30, kwa hiyo kila shiti ikanipa kipande kimoja cha futi nane, jumla shiti kumi. Vipande vya inchi 18 vilivyobaki nilivirudia ndani kama tabaka la pili upande wa kaskazini magharibi, upepo unakotoka. Ambaye trela yake imeinuka inchi 24 au pungufu, shiti moja inampa vipande viwili. Pimeni kabla ya kwenda dukani, mtaokoa nusu ya pesa.

Nilijenga fremu ya mbao nyembamba chini, povu likaegemea hapo, kona nikazifunga kwa tepu. Sikupiga skrubu hata moja kwenye ngozi ya trela. Kila tundu la skrubu ni mlango wa mvua ya Aprili. Juu niliacha nafasi ya inchi moja nikaijaza sponji laini, kwa sababu ardhi ya huku ikiganda inavimba, na povu lililokazwa linasukuma ubavu wa trela hadi mlango unagoma kufungwa. Kama kwenu kuna vyumba vinavyochomoza kama droo, sketi ipite chini ya hivyo pia; sakafu ya droo ni nyembamba kuliko zote. Theluji ikianguka, ilundikeni nje ya sketi. Theluji ni godoro, ina hewa ndani yake, na ni bure.

Wapo waliozungushia marobota ya majani makavu. Yanahami, sikatai, na ni rahisi. Ifikapo Machi yameoza, yamekuwa maternite ya panya, na mtu mmoja akitupa kichungi cha sigara uwanja mzima unakimbia.

Nimesema uvungu nao ni chumba. Ukishauzungushia ukuta umejenga chumba, na chumba kina masharti yake.

Chumba kina sakafu: tandika karatasi ngumu ya nailoni juu ya udongo, ya unene wa milimita 0.15 inatosha, la sivyo unyevu wa ardhi utapanda na kutengeneza barafu kwenye chuma na kuvu kwenye mbao. Chumba kina mlango: acha kipande kimoja cha sketi kinachotoka kwa mkono, upande wa valvu za maji machafu. Utakihitaji saa nane za usiku, na mikono yako imevaa glavu.

Na chumba kinaweza kuua. Hapa nitapunguza mzaha. Propeni ni nzito kuliko hewa. Ikivuja kwenye trela isiyo na sketi, upepo unaichukua. Ikivuja ndani ya sketi inalala chini kama maji kwenye beseni, inangoja cheche. Kwa hiyo mitungi na regileta vibaki nje ya sketi, na viungio vyote vya gesi vipakwe maji ya sabuni kabla ya kufunga ukuta, muangalie mapovu. Hita ya gesi ina tundu la kutolea moshi ubavuni. Sketi isilifunike, wala theluji. Kila baada ya dhoruba, kabla hujasafisha gari, safisha tundu lile. Jenereta isikae karibu na sketi hata kama mvua ya mawe inanyesha, kwa sababu moshi wake una hewa ya sumu, kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu na utajipenyeza uvunguni, kisha upande sakafuni. Kengele ya hewa hiyo na kengele ya gesi zote mbili ziwe na uhai. Ile ya gesi inawekwa chini karibu na sakafu, na mmeshajua sababu.

Msiweke taa za kupashia vifaranga uvunguni. Najua inafanywa. Povu linawaka. Kwenye mabomba ya kuingiza maji na valvu funga waya wa joto wenye themostati yake, unaojiwasha wenyewe joto likikaribia sifuri, na mabomba yafunikwe kama maelekezo yake yanavyosema, usizungushe waya ukajipanda wenyewe.

Valvu ya maji machafu iacheni imefungwa hadi tangi likaribie kujaa, ndipo mfungue yote kwa mara moja. Ukiiacha wazi, kile kijito chembamba kinaganda ndani ya mpira tabaka juu ya tabaka kama mshumaa, na kwenye tangi la choo maji yanakimbia, mzigo unabaki. Zaidi ya hapo sitafafanua, kuna pilau nyuma yenu.

Majira yaliyofuata nilitupia kipimajoto uvunguni, kisomeo chake kikiwa kando ya kitanda. Usiku mmoja nje ilikuwa nyuzi 29 chini ya sifuri. Uvunguni, hita ya gesi ikiwaka na kupumzika, kilisoma nyuzi 2 juu ya sifuri. Mbili tu. Sikuwahi kuipenda namba ndogo kiasi kile. Na mtungi niliokuwa naubadilisha kila siku ukawa unafika siku ya pili jioni.

Mama mmoja hapa mbele ameinua mkono, anauliza kama inawezekana kumwachia mwanawe afanye haya baada ya kufika kule. Mama yangu, povu la kopo halivimbi vizuri kwenye baridi, tepu hazishiki, na ardhi ikishaganda huwezi kupiga hata kigingi cha fremu. Afanye hapa, sasa, kabla ya Novemba kutuingilia, sehemu ya tumbo yote. Sketi ataikata hapa, aifunge kwa kamba, aende kuisimamisha kule siku anayofika.

Jumamosi saa tatu asubuhi nitakuwa kwenye maegesho nyuma ya jengo hili. Njooni na tochi, miwani ya kukinga macho, nguo za kuchafua na kipande cha turubai cha kulalia. Tutaanza na ile trela nyeupe iliyoegeshwa pembeni. Nimeipita wakati naingia, tumbo lake limeinama upande wa choo, na mwenyewe yupo humu ndani ananitazama.